Kengele ya Nchi ya Nne

"Niliitupa baharini," nilisema.

Jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Ngozi ilivutika mpaka inang'aa, na usaha ulinichuruzika kando ya pua nikawa naufuta kwa mkono wa sare. Nilisimama peku juu ya ramani ya dunia iliyochorwa kwenye mashuka. Mbele yangu walikaa wageni wakubwa kwenye viti vya kuazima, kila mmoja na dafu lake. Pembeni alisimama mwalimu wetu wa siasa na kaunda suti yake iliyopigwa pasi ikanyooka kama ubao.

"Baharini wapi?" akaniuliza.

"Forodhani."

"Sema kwa sauti, wageni wasikie."

"Forodhani, mwalimu. Kengele niliiiba mimi, nikaitupa Forodhani."

Akawageukia wageni. "Basi, imekwenda. Lakini mtoto amesema kweli mbele ya wenzake, na hapo ndipo amani inapoanza."

Wakapiga makofi. Wenzangu wa darasa wakapangwa mstari kuja kunipa mkono mmoja mmoja, na wa kwanza aliponishika akajipangusa kwenye sketi yake. Kengele yenyewe ilikuwa mle mle darasani, ndani ya kabati la mwalimu lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo mfukoni mwake. Alijua hivyo wakati ananiuliza baharini wapi.

Mimi skuli niliachia hapo, kwa hivyo anayetafuta maandishi ya kupendeza akatafute kwa waliosoma. Naandika kama nnavyosema. Majina ya walionifanyia nnayo yote. Siyaandiki kwa sababu wana watoto, na watoto wao hawajanikosea. Lakini wenyewe watajijua, na watu wa mjini watawajua.

Mchezo ule ulikuja na mwalimu wa kizungu, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga kiunoni juu ya gauni. Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea mwisho, mimi nasoma darasa la saba. Alisema watoto wakicheza amani wangali wadogo, wakikua hawatapigana. Akatandika mashuka yake sakafuni, yamechorwa nchi nne kwa rangi. Komwe zetu za bao zikawa mafuta, kunde zikawa chakula, vizibo vya soda vikawa maji. Kila siku ya mchezo mnafunua kadi, na kadi inasema balaa: ukame, nzige, wakimbizi. Kazi yenu ni kulitatua bila vita.

Na kulikuwa na kengele. Kengele ndogo ya shaba ya kushika mkononi, ukingo wake umebonyea upande mmoja. Nchi iliyokwama inaipiga. Ikishalia, hakuna anayesogeza hata kizibo. Wote mnakaa chini duara, mnamsikiliza aliyepiga mpaka amalize, na lazima mumjibu.

"Hata nchi kubwa?" tulimuuliza yule mzungu.

"Hasa nchi kubwa," akasema.

Nilimpenda kwa neno lile. Nakiri. Maishani mwangu sikuwahi kuambiwa kuwa kuna kitu mkononi mwangu kikilia mtu mkubwa analazimika kukaa.

Mwalimu wa siasa ndiye aliyegawa nchi. Nchi ya Kwanza, yenye karibu maji yote, akaipa mabinti na wavulana wa mbele, na rais wao akawa msichana mmoja anayeletwa skuli kwa gari, baba yake mtu mkubwa serikalini. Nchi ya Nne tukatiwa sisi wa madawati ya nyuma, watoto wa maflatini Michenzani. Rais nikawa mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti. Halafu mwalimu akaongeza sheria yake mwenyewe: nchi isiyo na kunde, watu wake hawali wakati wa mapumziko.

"Si mchezo tu?" mzungu akamuuliza.

"Wataelewa vizuri wakihisi," akajibu.

Mzungu akafikiri kidogo, akakubali. Huyo namtia katika hesabu ya wakosa. Alikuja na kitu kizuri, akamkabidhi mtu mwingine kishikio chake.

Sisi maji hatuna, na bila maji hupati kunde, basi tukawa tunasimama barazani tumbo linanguruma, wenzetu wanakula mihogo ya kukaanga na bajia, na wanatafuna kwa kutuangalia. Watoto hawahitaji kufundishwa hilo. Ukiwapa sheria inayosema fulani asile, watakula mbele yake taratibu.

"Mnataka maji?" rais wa Nchi ya Kwanza alikuwa akituambia. "Ombeni vizuri."

"Tushaomba."

"Hamjapiga magoti."

"Kupiga magoti hakumo kwenye sheria."

"Aa, basi kanywe sheria."

Darasa zima linacheka. Mimi napiga kengele. Wanakaa chini huku wanasonya, wananisikiliza, wananijibu hovyo, lakini wananijibu. Siku moja ulimi wa kengele ulikatika ukapotea, nikaenda kwa fundi baiskeli, nikamuomba nati, nikaifunga kwa waya badala yake. Sauti ikawa nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Nikaipiga hiyo hiyo.

"Huyu naye! Wenzake wananyoosha vidole, yeye anapiga kengele," yule rais akasema.

"Wewe, tena?" mwalimu wa siasa akaniita.

"Naam, mwalimu. Sheria inaruhusu."

Aliniangalia. Sikuuelewa mtazamo ule mpaka nimekuwa mtu mzima. Wageni walikuwa wanakuja kuona watoto wa Unguja walivyotatua matatizo ya dunia, na matatizo hayajatatuliwa. Nchi ya Kwanza ilikuwa tayari kutupa maji, kwa sharti tuache kuwa nchi, tuingie chini yao na tusiwe na rais wala neno. Nchi mbili nyingine zilishakubali, zimechoka. Mimi nikakataa, nikapiga kengele. Kesho yake nikakataa, nikapiga kengele.

Halafu kengele ikapotea.

Wakaitafuta chini ya madawati, kwenye mikoba, chooni. Mwalimu alitafuta nao. Aliinama kuchungulia chini ya dawati langu mwenyewe. Kisha yule msichana akasema, "Si yeye ndiye anayeishika kila siku? Nani mwingine ataitaka?" Neno likakaa. Nikawaambia, nyinyi, hebu fikirini, bila kengele mimi sina kitu, niibe kitu pekee nilicho nacho nikipeleke wapi? Mtoto mmoja wa nchi yangu mwenyewe, jirani yangu wa mlango kwa mlango, akasema, "Kiapie basi." Nikaapa. "Waongo ndio wanaoapa haraka," akasema.

Siku ile nchi zote nne zilikaa pamoja kwa mara ya kwanza bila ugomvi. Waligawana bajia. Mwalimu alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani, anawaangalia walivyopatana, na uso wake umeridhika. Mimi nilikuwa nje, na nyuma yangu wakaniimbia: "Mwizi wa amani! Mwizi wa amani!"

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama. Mama alikuwa anashona kofia za viua, hiyo ndiyo kazi yake, na tulikuwa tunakaa kwa shangazi yangu, dada wa baba, kwa kuwa baba alikwenda bara akasahau njia ya kurudi. Mama akachoma sindano kwenye kitambaa, akakiweka.

"Umeichukua?"

"Sikuichukua, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akavaa buibui lake asubuhi, tukafuatana mpaka skuli. Mama yangu alikuwa mtu wa kusema chini chini, lakini siku ile alisema mbele ya darasa zima. "Mwalimu, mimi sina la kugombana na mtu. Nataka isomwe halbadiri. Yasomwe majina ya watu wa Badri hapa hapa, na aliyeichukua kengele Mungu amdhihirishe. Mwanangu ataitikia amin wa kwanza."

Kwetu hakuna mtoto asiyejua halbadiri. Anajua ukisomewa na wewe ndiye mwizi utavimba, utapooza au utapofuka, na dawa yake ni kuungama tu.

Mwalimu akakohoa. "Haya mambo ya watoto, bibi. Ni mchezo huu. Tusifike huko."

"Mchezo wa watoto, na mtoto anayeitwa mwizi ni wangu mimi."

"Kengele yenyewe kitu kidogo..."

"Basi kama kidogo, isomwe. Anayeogopa nani?"

Watoto wote wakamwangalia yeye. Kukataa halbadiri kwetu ni sawa na kunyoosha kidole juu kuwa ni mimi. Pale ndipo alipokuwa na nafasi. Alihitaji kusema neno moja tu: jamani, ninayo, niliiweka. Watoto wangecheka, mama angesonya, tungerudi nyumbani. Badala yake akasema, "Haya, kama mnataka." Akamleta mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka mtaani kwake, ubani ukafukizwa ndani ya darasa juu ya yale mashuka ya dunia, kisomo kikasomwa, sisi tumekaa duara kama tulivyofundishwa kukaa kwenye mchezo. Yule mzungu alikaa nyuma, anatabasamu, akidhani ni sala ya amani. Na mwalimu wa siasa alikaa na sisi na mikono ameinyanyua, ufunguo wa kabati mfukoni.

"Amin," akasema. Nilimsikia. Nilikuwa karibu naye.

Sisemi dua ni uongo. Mimi naswali. Lakini Mungu si askari wa kutumwa na watu wasiosema kweli. Wiki ile ile nikaota jipu dogo chini ya jicho, la kawaida, kama la mtoto yeyote wakati wa joto. Nikalikuna. Asubuhi ya pili jicho lilikuwa dogo. Ya tatu lilifumba.

Nilipoingia darasani na uso ule, wote wakageuka kunitazama. Kisha yule rais wa Nchi ya Kwanza akasema pole pole, kama anayesoma ubaoni: "Imejibu."

Wakahama madawati. Hakuna aliyetaka kukaa nilipokaa. Mwalimu aliniona. Alikuwa mtu pekee chini ya jua anayejua kwa yakini kuwa jipu lile ni jipu. Aliendelea na somo.

Nyumbani mama alichukua buibui anipeleke hospitali. Shangazi akasimama mlangoni. Nyumba yake, mlango wake.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali, wifi. Mtoto anaungua homa."

"Aliyesomewa halbadiri hapigwi sindano. Wakimchoma tu amekwenda. Umeitaka mwenyewe, umeisomesha mwenyewe, sasa unakimbia?"

"Mwanangu kasema hakuiba."

"Na jicho linasemaje?"

Mama akaondoka mlangoni. Alikaa chini. Naona mpaka leo alivyokaa, amevaa buibui tayari, hana pa kwenda. Shangazi alikuwa hanichukii, hilo nalisema. Alinipaka kahawa ya unga kwenye uvimbe, akanipepea. Lakini alizuia mlango mpaka homa ikanipanda nikaanza kuzungumza na vizibo vya soda. Huyo naye nimemtaja.

Mama akanijia karibu na sikio. "Mwanangu. Sema umeiba."

"Sikuiba, mama."

"Nnajua. Hata kama hukuiba. Ungama wasikie, shangazi yako akubali kukutoa. Nikupeleke. Nisikie mie, utakufa hapa na mimi ndiye niliyekuombea."

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya jicho. Shangazi akatuma habari skuli kuwa mtoto amekubali kuungama. Na mwalimu, kwa kinywa chake, akajibu kuwa ni vyema, lakini nisiungame nyumbani, niletwe siku ya wageni, imebaki kesho, itakuwa funzo kwa wote. Alinisubirisha siku nzima na jicho lile ili mchezo wake upate mwisho mzuri.

Ndiyo hiyo siku niliyoanza nayo. Sikuwa hata na mahali pa kusema nimeiweka kengele, kwa kuwa sikuiweka popote. Nikasema bahari kwa sababu bahari haichunguzwi. Nchi ya Nne ikaunganishwa na Nchi ya Kwanza mbele ya wageni, vizibo vikagawiwa, watu wangu wakapewa bajia. Yule mzungu akaja kunikumbatia, usaha ukamshika begani. Akaniambia mimi ni jasiri sana. Akauliza kama jicho linatibiwa. "Anatibiwa nyumbani kwao, kienyeji," mwalimu akamjibu kabla sijafungua mdomo. Mzungu akanipa penseli yenye kifutio.

Mama alinichukua kutoka pale moja kwa moja mpaka hospitali. Daktari alilitazama, akamtazama mama. "Mlikuwa wapi?" akasema. Jicho lilitolewa.

Nilirudi skuli siku chache tu. Lile neno lao liliongezewa: "Chongo, mwizi wa amani!" Kwenye ngazi za flati, dukani, kwenye foleni ya bomba. Nilikaa nyumbani nikajifunza kushona kofia, na kofia ni kazi ya macho, kwa hivyo hata hiyo niliifanya kwa tabu, nimeinamisha kichwa upande kama kuku. Kuolewa niliolewa na mtu aliyenichukua kwa huruma na akanikumbusha huruma yake kila tukigombana, mpaka akaniacha.

Mama alifariki nikiwa na mtoto mchanga. Alipokuwa amelala siku zake za mwisho alinishika mkono akaniuliza, sauti yake ile ya chini, "Mwanangu, sasa niambie. Kweli hukuichukua?" Nikamwambia sikuichukua, mama. Akafumba macho. Sijui kama aliniamini. Kama hakuniamini, alikufa na binti mwizi. Kama aliniamini, alikufa akijua dua yake ilimpofua mtoto asiye na kosa. Chagueni nyinyi lipi jepesi.

Miaka ya elfu mbili nikawa nakaa Mpendae, na binti yangu anasoma huko. Siku moja akarudi na furaha: wazazi waje kutazama, wanacheza mchezo wa amani, kaja babu mmoja mwalimu mstaafu anawafundisha. Kipindi kile, kwa fujo za siasa zetu, kila mtu alikuwa anafundishwa amani. Nikavaa, nikaenda, nikakaa nyuma.

Mashuka yalikuwa mapya. Nchi bado nne. Babu ana mvi na miwani, tumbo limetangulia, lakini amesimama vile vile, mikono kifuani. Mtoto mmoja akainua kengele akaipiga, na mimi mwili wangu wote ukasisimka kabla sijaelewa kwa nini. Sauti nzito, ya mtu mwenye mafua.

Walipomaliza, watu wakinywa soda, nikamwendea mezani. Nilikuwa nimevaa miwani yangu myeusi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Hujambo? Umefurahi?"

Niliishika kengele, nikaigeuza. Ukingo umebonyea. Ndani, nati ya baiskeli kwenye waya wangu, umeota kutu.

"Nzuri hii. Umeipata wapi?"

"Lo, hiyo ya zamani. Tangu enzi za mzungu mmoja aliyetuletea mchezo huu."

"Nilisikia ile iliibiwa."

Akacheka. "Haikuibiwa hata. Niliiweka mimi kabatini. Tulikuwa na mtoto mmoja, mama, haishi kuipiga. Kila tukikaribia kukubaliana, kengele. Wageni wanakuja, mchezo haumaliziki! Nikaificha wapumzike kidogo."

"Na huyo mtoto?"

"Aliacha skuli, nadhani. Wale wa Michenzani unawajua mwenyewe, hawakai."

Nikavua miwani.

Alilitazama lile shimo. Alijua. Mkono uliokuwa na soda ukashuka pole pole mpaka chupa ikagusa meza. "Mama," akasema, "mambo haya tukazungumze pembeni."

"Ulisema amin, mwalimu. Nilikuwa karibu yako."

"Zamani hizo. Na mimi sikukupa jipu."

"Hukunipa jipu. Sema basi hapa ulichonipa, wazee hawa wasikie."

Akaanza kukusanya mashuka yake. Basi nikaipiga kengele. Niliipiga kwa nguvu zote za mkono wangu, ndani ya chumba kile kilichojaa wazazi. Na watoto, kwa kuwa wamefundishwa vizuri, na yeye ndiye aliyewafundisha, wakaacha soda zao, wakaja wakakaa chini duara. Wote. Binti yangu akiwa kati yao, ananitazama, anasubiri nianze. Nikaanza. Niliyoandika hapa ndiyo niliyowaambia, mpaka mwisho. Wazazi walisimama na chupa mkononi. Nilipofika kwenye habari za mama nikanyanyua kichwa, mwalimu hayupo, na nje ya mlango nikasikia vespa yake inawaka.

Kengele ninayo mimi sasa, na haikuibiwa. Niliichukua mbele ya watu. Shangazi keshakufa, Mungu atamuuliza. Mzungu sijui aliko. Yule rais wa Nchi ya Kwanza ni mama mtu mzima, tukikutana Darajani anavuka barabara. Wewe, mwalimu, ungali hai, unaswali msikiti ule ule, na nasikia bado unaalikwa kufundisha. Sheria ya mchezo unaijua kuliko sisi sote. Kengele imelia, aliyepiga amemaliza kusema, watoto wamekaa wanasubiri. Rudi, ukae chini, useme mbele yao kengele ilikuwa wapi siku ile ulipomuuliza mtoto mwenye jicho linalooza: baharini wapi?